Hatua ya Pili ya Mlinzi

Kaka yangu ni fundi cherehani, na sasa ni miezi minane kitabu cha sataranji kimemteka akili. Anakiacha wazi kando ya cherehani, anakariri jinsi ya kuanza mchezo mpaka hatua ya kumi na mbili. Nguo za wateja zimelala, wifi hasemi naye. Majuzi alitia shati la mtu mikono miwili ya kushoto. Nilipomgombeza, alinijibu, "Ngoja, dada. Jumamosi utaniona."

Jumamosi nikaenda kumwona. Alicheza na mlinzi wa duka la dawa la jirani, kwenye benchi la nje. Hatua ya kwanza, kila mmoja akasogeza askari wa katikati, sawasawa na kitabu. Hatua ya pili, mlinzi akasukuma askari wa pembeni kabisa.

Kaka akaganda. Akafunua kitabu alichokuja nacho.

"Hiyo haipo kitabuni!" akafoka. "Rudisha!"

"Samahani, fundi," mlinzi akasema. "Mimi sijui kusoma."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, na hadi leo najuta. Kaka alicheza kama mtu aliyepotea njia, mfalme wake akabanwa kabla chai haijapoa.

Mlinzi hakushangilia. Aliokota kitabu kilichomwanguka kaka, akakifuta vumbi kwa kiganja, akamrudishia kaka kwa mikono miwili.

"Hebu nitafutie, fundi. Mtu kama mimi yumo ukurasa gani?"

Alikuwa anatania tu, na ameshasahau. Kaka bado anapekua.