Ini la Kuku na Kigae Cheupe

Katikati ya miaka ya tisini mdogo wangu wa kike alichumbiwa na kijana wa Lupiro, na posa ikakwama kwa sababu ya kipande cha ini la kuku kilicholiwa kabla baba yetu hajazaliwa.

Nieleze taratibu. Babu yetu na babu wa yule kijana walikuwa wavuvi. Wakati wa mafuriko kiboko aliwapindulia mtumbwi, wakashikana mikono mpaka ukingoni. Baada ya hapo wakachanjiana: kila mmoja alijikata kidogo kifuani, akapaka damu yake kwenye ini la kuku, mwenzake akala. Wakawa ndugu, na watoto wao wakawa ndugu. Na ndugu hawaoani.

"Damu ikishaliwa haitoki," alisema baba mkubwa, aliyekuwa msemaji wetu tangu baba afariki. "Huyu binti anataka kuolewa na kaka yake."

Dawa ilikuwepo, mbuzi wa kuvunja undugu, ila lazima atolewe na upande wa mwanamume. Baba wa kijana alikataa katakata. Alisema mambo ya wale wazee yalizikwa nao, na akitoa mbuzi atakuwa amekiri kwamba mwanawe alimposa dada yake. Mdogo wangu akaacha kula vizuri. Alikuwa akinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyesoma habari za damu.

Nilikuwa msaidizi wa maabara pale mjini. Siku zile mwenzangu mmoja alirudi kutoka mafunzoni na habari ya DNA, ambayo leo tunaiita vinasaba. Usiogope neno hilo. Ni kama maagizo madogo yaliyomo ndani ya mwili, ambayo mtu hupewa na baba yake na mama yake tu. Hayapatikani kwa kula wala kwa kuchanjwa. Nilifurahi kama niliyeokota ufunguo, nikaenda kwa baba mkubwa kule Lipangalala na viganja viwili vya mpunga wa aina mbili.

"Baba, hizi mbegu mbili ukizitia gunia moja, zikiota si kila moja inafuata jinsi yake?"

"Inafuata."

"Basi na damu ya babu ni hivyohivyo."

Akafikiri. "Tupime."

"Kipimo chenyewe kiko Ulaya, baba."

"Na hapa kipo kipi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwambia hapa tunaweza kupima kundi la damu tu. Nilimweleza, nakumbuka vizuri, kwamba kundi la damu haliwezi kusema nani ni ndugu wa nani. Lakini moyoni nilitumaini kwamba damu yangu na ya mdogo wangu zitafanana, ya mchumba itakuwa mbali, na macho ya wazee yataona kile ambacho mdomo wangu umeshindwa kusema.

Jumapili baada ya misa watu wa Lupiro walivuka mto kwa pantoni, wakaja kwetu. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kuchukua vichupa viwili vya dawa, nikavibeba ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Nikaweka kigae cheupe mezani, barazani. Nikawachoma vidole watatu: mimi, mdogo wangu, shemeji mtarajiwa. Nikawaambia wazee waangalie: damu ikikutana na dawa inayoijua, inagandamana kama maziwa yaliyokatika.

Ya mdogo wangu ikagandamana kwenye dawa ya njano. Kundi B.

Ya kijana ikagandamana kwenye dawa ileile. B.

Yangu haikugandamana popote. Ilibaki laini, nyekundu, imetulia kama inayonicheka.

Shangazi alipiga kigelegele. "Si tulisema! Ndugu hao! Na wewe fundi, ulibadilishwa wodini!"

"Shangazi, ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Baba anaweza kuwa na B iliyobeba O kwa ndani, halafu mama…"

"Mama yako yuko hapa, muulize vizuri alikuokota wapi!"

Hata mama alicheka. Mimi nilitazama kigae. Niliyajua yale niliyoyasema, nilikuwa nimeyafaulia mtihani. Lakini kulijua jambo darasani ni tofauti na kuiona damu yako imekaa peke yake upande mmoja na ya dadako imekaa na ya mgeni. Kwa muda nilimtazama mama na mimi nikiwa sina hakika.

Baba wa kijana alikuwa ameinama juu ya kigae. Hakubisha tena. "Kumbe ile damu ipo," alisema polepole. "Basi nitaleta mbuzi."

Nikafungua mdomo kumwambia hapana, mzee wangu, hukuelewa, watu wa kundi hilo wapo kila kijiji mpaka Uchindile na hawajawahi hata kuonana. Mdogo wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Kaka," alininong'oneza, "naomba unyamaze."

Nikanyamaza. Sijui mpaka leo kama nilifanya vizuri. Wote walikubaliana, na sababu yao haikuwa sahihi, na sababu yangu iliyo sahihi ingewatenganisha.

Wiki mbili baadaye mbuzi alichinjwa uani kwetu, akapasuliwa katikati, na kila upande ukala nusu yake bila kuuonjesha mwingine. Mdogo wangu alikula kama mtu aliyetoka kufunga. Niliposogea kukaa, shangazi akanizuia kwa mkono.

"Subiri. Huyu wa upande gani? Damu yake haikushika huku wala kule."

Watu wakacheka, mimi nikabaki nimesimama na sahani. Nilitaka kuanza tena, kwamba baba anaweza kuwa na B iliyobeba O kwa ndani. Baba mkubwa akainuka, akakata kipande cha ini kutoka nusu yetu, akanitilia mkononi.

"Kula, mwanangu," alisema, "turudishe undugu."

Hakuwa akicheka, au labda alikuwa. Nilijua kabisa kwamba ini halimfanyi mtu kuwa ndugu wa mtu. Nililila lote, nikalamba na vidole, ndipo nikakaa.