Mkono wa Mwandu

Ukimtaja Mwandu kule Magamba, hakuna atakayekuuliza Mwandu yupi. Ni yule anayefunza maksai. Dume lililomshinda mwenye nalo, linalojilaza na nira shingoni katikati ya shamba, hupelekwa kwake, na msimu wa kulima ukifika linavuta jembe bila maneno. Kazi hiyo ilimpa jina, na jina likampa kiburi, tena si haba.

Ndiyo maana Zakia alipomfuata hakushangaa. Zakia ni binti wa mfanyabiashara wa dagaa wa Mpanda mjini. Alikaa Arusha miaka kadhaa akifanya kazi kwenye mazizi ya farasi, akarudi na farasi jike mwekundu aitwaye Tausi, wa kubebea mabwana harusi. Alizungushia uzio kiwanja nyuma ya nyumba yao Kawajense, akamwaga mchanga wa kufanyia mazoezi, akatafuta mtu wa kumwendesha.

"Mwanangu, mnyama ni mnyama," Mwandu alimwambia. "Mimi nimepanda ng'ombe meno yangu yenyewe hayajatimia. Nipe siku chache tu."

Siku chache zikawa wiki, wiki zikawa mwezi. Ng'ombe unampanda kwa kumkaba na miguu usije ukaanguka. Farasi ukimkaba na miguu, umemwambia nenda. Mwandu alikaba kwa sababu aliogopa, ingawa ungemchinja asingekiri, na kwa woga huohuo akavuta hatamu, na kuvuta hatamu ni kumwambia simama. Tausi akawa anarusha kichwa na kuzunguka palepale.

"Baba, legeza mikono," Zakia alikuwa akimwambia kutoka katikati ya uwanja. "Legeza na mapaja. Unamwambia nenda na simama kwa pamoja, afanye lipi?"

Kuelekezwa na binti aliye rika la kitindamimba wake kulimchoma Mwandu. Na Zakia alishampa masharti: Jumamosi, akimzungusha Tausi mchakamchaka huku hatamu zimelegea, harusi zote ni zake. Akishindwa, atatafutwa mtu mwingine. Mwandu naye, kwa domo lake, akaenda kuwaalika wenye maksai wa Magamba waje kushuhudia.

Alhamisi Zakia akaenda Ikola, ziwani, kuchukua mzigo wa dagaa wa baba yake. Mwandu akabaki peke yake na Tausi, naye Tausi akagoma kwenye kona. Mwandu akashuka, akamfunga kwenye nguzo, akachukua fimbo. Alifanya alicholifanyia kila dume lililomkatalia: aliinua mkono juu kabisa mnyama auone, ndipo akaushusha. Akaurudia, akaurudia. Alipochoka alimmwagia maji, akampaka mafuta palipovimba.

Zakia aliporudi akagusa ule uvimbe, akauliza kulikoni.

"Mbung'o, mwanangu. Wamemsumbua sana leo."

Zakia akawasha moshi wa kuwafukuza mbung'o, akamshukuru kwa kumtunzia farasi wake. Mwandu aliona aibu, lakini ilikuwa aibu ya mtu ambaye bado hajaonekana, akaona ataweza kuishi nayo.

Jumamosi wageni wakajipanga kwenye uzio, mbele yao Evarist, ambaye maksai wake wote wamepitia kwa Mwandu. Na siku hiyo, ajabu, mambo yakakubali. Mwandu alilegeza mapaja, akalegeza mikono, na Tausi akashika mchakamchaka mzuri, mchanga ukiruka. Kwa mara ya kwanza Mwandu alihisi mgongo wake unakwenda pamoja na wa mnyama, wala hakuna anayemshindania mwenzake. Furaha ikampanda, akainua mkono juu kuwasalimu watu wake.

Tausi akasimama ghafla. Akainamisha kichwa mpaka karibu na mchanga, ngozi ikimtetemeka kuanzia shingoni hadi mkiani. Mwandu nusura apitilize shingo.

Wageni wakapiga makofi.

"Jamani, mmeona?" Evarist alipiga kelele. "Kaka Mwandu, hata farasi umemtia adabu! Vilevile kama maksai wangu. Nikiinua mkono tu, kichwa chini!"

Zakia hakupiga makofi. Alikuwa anautazama ule mkono, ambao bado ulikuwa hewani. Mwandu angeweza kucheka na wenzake, yakaisha. Badala yake akaushusha polepole, uso unamwaka.

"Si adabu hiyo," alisema. "Ananiogopa. Nilimpiga juzi, Zakia. Hapakuwa na mbung'o."

Makofi yakafa. Evarist akasogea kwenye uzio, sauti imeshuka.

"Na wa kwangu je, kaka?"

Mwandu akamgeukia.

"Hata wa kwako."

Alitamani Zakia amfokee, amfukuze mbele ya wote, atoke pale mbio arudi Magamba. Zakia hakumfokea.

"Shuka, baba," alisema. "Mvue tandiko, kama siku zote."

Akashuka. Ili kufungua mshipi wa tandiko ilimbidi anyooshe mkono kuelekea ubavuni mwa Tausi, na kila aliponyoosha Tausi alifumba macho, akasubiri. Mwandu aliifanya kazi hiyo mpaka mwisho, watu wote wakitazama.