Ng'ombe Zinazuiwa Kwao

Kabla sijaajiriwa Bungeni nilifundisha Kiswahili katika shule ya wasichana mjini Kajiado. Mimi ni mtu wa upande wa Kakamega, na nilipofika pale nilidhani nitawafundisha wale wasichana lugha. Nao walinifundisha kusikia. Kimaa, lugha ya Wamaasai, kilikuwa ndani ya Kiswahili chao, katika namna walivyokaza herufi na walivyomaliza maneno, na mwanzoni nilikuwa nikiwauliza, "Umesema nini?" hadi wenyewe wakachoka kunijibu. Muhula wa kwanza ukaisha. Wa pili nikaacha kuuliza.

Katikati ya miaka ya tisini Bunge lilitafuta waandishi wa kumbukumbu rasmi, ile ambayo sote tuliiita Hansard. Walitaka mtu anayeweza kuandika Kiswahili kama kinavyosemwa, kwa kasi ile ile kinavyosemwa. Nilifanya mtihani nikapita. Mume wangu naye alikuwa anafanya kazi Nairobi, basi tukapanga nyumba Kitengela, mahali ambapo mtu wa mshahara wa kawaida angeweza kupata vyumba viwili na kiwanja cha kuanikia nguo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikaa mezani katikati ya ukumbi, chini ya kiti cha Spika, tukipokezana zamu. Ukimaliza yako unapanda juu na kanda, unavaa vifaa vya masikioni, unachapa ulichosikia. Waheshimiwa wengi siku hizo walizungumza Kiingereza, kwa hivyo zamu zangu nyingi nilikaa tu nikisikiliza. Walipozungumza Kiswahili nilikuwa tayari, nami nilijua kwamba nilikuwa hodari. Sioni sababu ya kulificha hilo sasa.

Kulikuwa na kanuni moja iliyowatia wengi hofu: ukianza hotuba kwa lugha moja, sharti uimalize kwa lugha hiyo hiyo. Mtu angeanza kwa Kiswahili kizuri cha salamu na shukrani, akafika kwenye bajeti au mkataba na nchi jirani, maneno yakamwishia, na hapo wenzake wakaanza kumrukia.

Alikuwapo mbunge mmoja mgeni, kutoka maeneo ya wafugaji. Alikuwa mrefu, mpole, na tangu achaguliwe hakuwa amesema kitu zaidi ya kuuliza maswali mafupi. Alasiri moja hoja ya ukame ililetwa ukumbini. Wafugaji walikuwa wamevusha mifugo mpaka wa Tanzania kutafuta nyasi, na sasa mvua ilikuwa imeanza kunyesha upande wetu, lakini mifugo ilikuwa haijarudi. Kulikuwa na habari za ugonjwa, na madaktari wa mifugo wa pande zote mbili hawakuwa wameelewana. Mbunge yule akasimama.

"Asante Bwana Naibu Spika. Leo mimi nitaongea Kiswahili ndiyo watu yangu wasikie kwa redio."

Ilikuwa zamu yangu. Nikanoa kalamu, kama tulivyopenda kusema.

Alianza vizuri. Alieleza jinsi familia moja inavyoweza kuwa na mashangazi upande huu na wajomba upande ule, na ng'ombe wasiojua mpaka uko wapi. Kisha akasema, "Sasa hawa wamewekewa quarantine..."

"Hoja ya nidhamu, Bwana Naibu Spika," mwingine akasimama upesi. "Je, ni haki mheshimiwa kuchanganya lugha?"

"Mheshimiwa, endelea kwa Kiswahili," Naibu Spika akasema.

 Nilikuwa nimeketi karibu kabisa na mbunge yule, nikaona anavyotafuta neno kama mtu anayepapasa mfukoni. Sikuruhusiwa kumnong'oneza. Kisha akasema polepole, "Wamewekewa ile ya kukaa mahali pamoja, hakuna kuenda, hakuna kurudi, mpaka daktari aseme."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Hata yeye alitabasamu. Lakini hakungoja kiishe. Aliinua kiganja mbele yake, vile mtu anavyomsimamisha ndama, akasema maneno machache katikati ya vicheko, kisha akaendelea: "Zinangoja daktari mpaka zinakufa. Serikali iende iongee na wenzetu, kama watu na jirani yao."

Nilipanda juu nikachapa. Pale penye kicheko niliandika, "Ng'ombe zinazuiwa kwao."

Mhariri wangu alikuwa mzee aliyesomea lugha Mombasa na kuipenda kama watu wengine wanavyopenda bustani. Alipita kurasa zangu kwa kalamu nyekundu. Penye "zinazuiwa" akaandika "wanazuiwa," penye "watu yangu" akaandika "watu wangu."

"Mzee," nikamwambia, "hakusema hivyo."

"Najua hakusema hivyo. Lakini hii ni kumbukumbu ya Bunge la nchi. Watoto wa shule watasoma."

"Wacha wasome alivyosema. Wale wa Kiingereza hatuwabadilishii maneno."

"Tunawanyooshea sarufi."

"Tunawanyooshea kidogo. Huyu ukimnyoosha hivi atakuwa mtu mwingine."

Akavua miwani akanitazama. Hakukasirika. "Nitafikiria," akasema, akaziweka kurasa kando. Ndivyo alivyokuwa, hakuona aibu kufikiria.

Kesho yake, mara tu baada ya maswali, mbunge wa upande mwingine wa ukumbi alisimama. Alisema kwamba mheshimiwa, katika hotuba yake ya jana, alidai majirani zetu wanatuibia ng'ombe. Alisema hayo ni matusi kwa nchi rafiki, tena wakati serikali zetu zilikuwa zinazungumza juu ya kufufua ushirikiano wa Afrika Mashariki. Alitaka maneno hayo yaondolewe na msamaha uombwe.

"Bwana Spika, mimi sikusema hivyo," mbunge wetu akajibu.

"Ulisema. Tulisikia."

Sauti zikapanda pande zote. Spika akawatuliza, akasema angetazama kumbukumbu rasmi kisha atoe uamuzi.

Habari zilifika Kitengela kabla yangu. Mwenye nyumba yetu alikuwa mama Msomali aliyekuja na familia yake kutoka Garissa. Yeye aliuza nguo na vyombo dukani, na mumewe alinunua ng'ombe mpakani Namanga na kuwaleta kwenye machinjio. Alinikuta langoni.

"Abaayo," aliniita hivyo, yaani dada, "ni kweli yule mheshimiwa amewaita watu wa Tanzania wezi? Mzee wangu amesikia sokoni. Anaogopa kuvuka. Anasema watamfanyia ubaya huko."

"Spika bado hajaamua, mama."

"Si wewe ndiye unaandika?"

"Ndiyo mimi. Na kwa sababu ni mimi, siwezi kusema kabla yake."

Alinikazia macho kwa muda, kisha akacheka kidogo. "Sawa. Lakini uso wako umeshasema," akaingia ndani. Nami nikaingia kwangu, nikapika ugali, nikala vizuri. Mume wangu aliniuliza kama nina wasiwasi. Nilimwambia sina, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwona yule mtu akisema.

Asubuhi nilipofika kazini mhariri alikuwa ameshaandaa kinasa sauti. Afisa kutoka ofisi ya Karani wa Bunge alikuwa ameketi kando yake. Tukasikiliza. Kicheko kilifunika katikati ya neno, ulisikia "zina," kisha vicheko, kisha "wa kwao."

"Rudisha," akasema afisa. Tukarudisha.

"Mwanzo ni 'zi,'" mhariri akasema. "Hapo hakuna ubishi. Angewasema watu angesema 'wa.' Hata yeye hawezi kuwaita watu 'zi.'"

"Anaweza kuwa amesema 'zinaibiwa,'" afisa akasema. "Ng'ombe zinaibiwa kwao. Ni yale yale."

Wote wawili wakanigeukia.

"Alisema 'zinazuiwa,'" nikasema. "Aliinua mkono hivi, kama mtu anayemsimamisha mnyama. Na msikilize kinachofuata mara moja. 'Zinangoja daktari.' Ng'ombe aliyeibwa hangojei daktari."

Afisa akairudisha kanda yeye mwenyewe. Akasikiliza akiwa amefumba macho, mara ya kwanza, mara ya pili. "Hebu mwite mwenzake aliyekuwa mezani," akasema. Mwenzangu niliyepokezana naye, kijana aliyeandika hotuba za Kiingereza, aliulizwa tu kama aliona mkono ukiinuliwa. Akasema aliuona, akauonyesha vilevile.

"Basi," akasema afisa.

Mhariri akazichukua kurasa zangu, akaipata ile "wanazuiwa" aliyoiandika kwa wino mwekundu, akaikata. Juu yake akaandika upya "zinazuiwa," kwa herufi kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. "Spika akilinganisha na kanda, lazima vilingane," akasema. Kisha akarudisha na "watu yangu" pia.

Alasiri Spika alisoma uamuzi wake. Alisema kumbukumbu inaonyesha mheshimiwa alizungumzia ng'ombe waliozuiwa, na kwamba hakuna neno la kuondolewa. Yule aliyelalamika alisimama, akasema kama alisikia vibaya basi anasikitika, akaketi. Mbunge wetu hakujigamba. Alisema, "Asante Bwana Spika. Sasa tuongee maneno ya daktari." Watu wakacheka tena, na safari hii walicheka pamoja naye. Hoja ikapita. Haikuchukua muda mrefu madaktari wa pande mbili wakakutana mpakani, mifugo ikaanza kurudi, ile iliyokuwa imebaki. Mume wa mwenye nyumba wetu akavuka tena. Mkewe aliniletea maziwa ya ngamia yaliyotoka kwa jamaa zake, akasema, "Uso wako hauna siri, abaayo. Usicheze karata."

Baada ya hapo wabunge wawili watatu kutoka bara walijaribu Kiswahili. Walijikwaa, wakarukiwa, wakaendelea. Miaka ya elfu mbili ilipoingia mhariri wangu alistaafu, nikakalia kiti chake, na sikuchukua kalamu yake nyekundu ingawa aliiacha mezani. Niliajiri vijana niliowachagua mwenyewe. Niliwauliza kwanza wametembea wapi, wamekaa na nani, wamesikia Kiswahili cha nani, ndipo nikawauliza vyeti. Kisha niliwapa kanda za watu wa kila upande wa nchi, wa Turkana, wa Lamu, wa Kisii, na aliyeniambia kwamba fulani anakosea nilimwambia aandike kwanza, akosoe baadaye.

Mbunge yule alishindwa katika uchaguzi uliofuata hoja ile ya ukame. Nilikutana naye baada ya miaka, sokoni Kisaju, nilipokuwa nimekwenda kununua mbuzi wa sherehe ya mwanangu. Nilimtambua kwa urefu. Nikamwamkia kwa Kimaa, "Sopa," akanijibu, "Epa," halafu akanitazama.

"Wewe ulikuwa unakaa pale mezani chini ya Spika."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa alikwisha. Sasa mimi ni mzee wa mbuzi." Akacheka. "Nilisoma ile kitabu yenu. Niliona umeandika vile nilisema, yote. Kijana wangu alisoma akaniambia, baba, hii Kiswahili imeharibika. Nikamwambia, hapana, hii ni yangu, na ndiyo ilirudisha ng'ombe."

 Nilimwuliza ni mbuzi gani angenichagulia. Aliwazunguka wote bila haraka, akiwapapasa mgongo, akawakataa wawili ambao mimi ningewachukua, kisha akamshika mmoja mweusi pembe na kunikabidhi kamba.