Kengele Iliyonisema Ngong

Jana usiku sikulala kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe, na bado nina hasira nao. Nilikuwa naunda kengele ya kuongea ya shule moja hapa Kitengela, kazi yangu ya kwanza. Chipu ya kugeuza data kuwa sauti ilikataa kutoa hata neno. Kwa hasira nikarekodi maneno mapya ya kujaribia. Ikanyamaza tu. Nikabeba mtoto mgongoni, nikaipeleka kengele nzima Ngong kwa mzee aliyeniuzia chipu.

"Umeniuzia chipu imekufa," nikamwambia mbele ya wateja.

"Tulia, mama." Akaangalia nyaya. "Data inafika. Lakini hii waya ya kuambia chipu ipokee, umeiweka shimo ya jirani."

Akaihamisha. Spika ikapaza sauti yangu: "Mzee wa Ngong ni mwizi."

"Iko sawa sasa," akasema mzee.