Laptop Iliyonifanya Muuaji

Wiki ile nilikuwa naua mtu kila siku, na mke wangu amekaa pembeni anamenya vitunguu.

"Umeua tena?"

"Nimeua."

"Yuleyule?"

"Yuleyule."

"Maskini. Huenda hata watoto anao."

Akaendelea kumenya.

Usishtuke, msomaji. Kalikuwa ni kamtu ka kuchora, ndani ya laptop. Kana kofia ya njano na fulana ya kung'aa, kamesimama karibu na mzigo kama kametumwa kaje kuniharibia maisha.

Na kweli kalikuwa kanakaribia kuniharibia.

Mimi ni mwendesha kreni. Zile ndefu unazoziona zimesimama ghorofa linapojengwa. Shule niliacha mapema, nikaanza kwa kubeba zege. Siku moja nikatumwa nimpandishie dereva wa kreni maji ya kunywa. Nilivyoona dunia kutoka kule juu, sikutaka tena kushuka.

Sasa kampuni ikaleta habari. Kreni mpya zinakuja, hazina mtu juu. Mwendeshaji anakaa chumbani, mbele ya skrini, anaona kila kitu kwa kamera.

Raha tupu, au siyo? Kiyoyozi, kiti cha kuzunguka, choo jirani.

Tatizo moja. Viti vya chumbani vilikuwa vichache kuliko sisi.

Kwa hiyo mtihani. Utaendesha kreni ya kwenye kompyuta. Ukimgonga mtu, hata mmoja, umekwisha. Unapewa glavu, unashuka kufunga minyororo kwenye mizigo.

Kufunga minyororo siyo kazi ya aibu. Lakini ni kazi ya kuruka. Mzigo ukiyumba, unaruka pembeni au unalaliwa. Na goti langu la kushoto hata kuinama kufunga kamba ya kiatu linaomba ruhusa.

Nikishushwa chini, nilijua sitamaliza mwaka nikiwa mzima.

Tukapewa programu ya mazoezi na vijiti vya kuongozea, kila mtu akafanyie kwao. Kwetu ilikuwepo laptop moja, kabati lilikuwa ndiyo nyumba yake. Nikaitoa, nikaifuta vumbi, nikaketi kama rubani.

Nikasukuma kijiti kushoto.

Mzigo kimya.

Nikasukuma tena. Kimya.

Halafu ghafla ukaondoka kama umekurupushwa usingizini. Nikaachia kijiti, nao huo, unakwenda tu. Pwaa! Kofia ya njano chini.

Hivyo hivyo, siku baada ya siku.

Simu ikawa haipumui. Ni Mkasi. Yeye ni mwendesha kreni mwenzangu, tulimwita hivyo kwa sababu ya mdomo wake.

"Mzee, mimi huku natua kama manyoya. Wewe je?"

"Naendelea vizuri."

"Mbona sauti imekauka? Au umeanza kuzoea glavu?"

"Mkasi, kalale."

"Saa tisa mchana nikalale? Uzee huo, kaka!"

Nikakata. Lakini maneno yaliingia.

Nikaanza kuuogopa mkono wangu. Kazini, kule juu, kitu nilichokifanya miaka yote bila kuwaza nikawa nakiwaza. Nashusha tofali kama nashusha mayai. Nyumbani siketi, nazunguka meza, nafungua friji, nafunga, sijatoa kitu.

Mke wangu akachoka.

"Baba watoto, una nini?"

"Nirushie kitunguu."

"Nini?"

"Rusha. Nataka kujua kama bado nina mkono."

Akarusha. Nikadaka. Akarusha kwa kushtukiza, nikadaka. Akarusha viwili kwa pamoja, kimoja huku kimoja kule, nikadaka vyote.

Akaniangalia.

"Mkono wako mzima. Kilichoharibika ni kichwa, na hicho nilikikuta hivyohivyo. Mwite Chaji aje aitazame hiyo mashine."

Chaji ni mdogo wake, shemeji yangu. Ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Ni fundi mzuri sana, tatizo lake anajua kwamba ni fundi mzuri sana.

Akaja Jumamosi mchana, siku moja kabla ya mtihani. Hakutaka hata chai.

"Shem, hii utakuwa umeijaza mapicha."

Akaangalia. Nafasi tele.

"Basi ni kirusi."

Akasaka. Hakuna.

"Basi ni uchafu." Akafungua nati, akapuliza vumbi, akafunga. Akawasha. Nikashika kijiti. Pwaa!

"Duh," akasema. "Kanakufa kila mara hivi?"

"Kila mara."

Akapima kumbukumbu, nzima. Akaangalia kama kuna programu nyingine zinafanya kazi kwa siri nyuma, hakuna. Nikaona anaanza kujikuna shingo. Kesho ndiyo mtihani, na fundi mzuri sana anajikuna shingo.

Kisha akainamisha sikio juu ya mashine, kama daktari.

"Shem, hii feni huwa inalia?"

"Sijawahi kuisikia."

"Hebu cheza tena. Cheza kwa fujo."

Nikacheza kwa fujo. Akagusa chini ya laptop kwa kiganja.

"Baridi. Mashine inafanya kazi ngumu hivi halafu iko baridi? Hii haijachoka, shem. Hii imezuiwa."

Akafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Akanieleza kwa lugha ya kwetu. Ndani ya kila kompyuta kuna kiini cha mfumo. Hicho ndicho bosi. Ndicho kinachoamua nani apewe nguvu, kiasi gani, na injini izunguke kwa kasi gani.

"Sasa ona hapa. Kiini kimeamriwa kisiruhusu injini ivuke kasi ya chini kabisa. Hata kazi iwe nzito namna gani. Ndiyo maana haipati joto, na feni hailii. Ni sawa na lori linalopanda mlima kwa gia moja huku dereva kafungwa mguu."

"Mfungue, basi!"

Akaandika maneno machache. Akazima, akawasha.

Nikashika kijiti. Pwaa!

Akachungulia. Kasi imerudi palepale chini.

"Aisee! Kumbe amri imewekwa mpaka kwenye kuwaka. Kila ikiwashwa inajifunga yenyewe." Akapandwa na hasira za kifundi. "Huyu aliyefanya hivi ni mjinga wa kiwango gani? Hivi kuna watu wanajiita mafundi? Mtu huyu angekuja kwangu ningemfundisha kufagia kwanza!"

Mke wangu akaweka kisu chini.

"Ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Wewe ndiye uliyefanya. Mama alipokuwa mgonjwa, kalala hapo kwenye kochi. Mashine ikawa inavuma, anashtuka kila mara. Nikakwambia inyamazishe. Ukasema, dada, nitaifunga isivume tena maisha. Ukapiga na kifua."

Chaji akatazama laptop. Akatazama kochi.

"Lakini dada," akasema taratibu, "ilinyamaza au haikunyamaza?"

Mke wangu alicheka mpaka machozi, na safari hii siyo ya vitunguu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu saa zilizobaki.

Chaji akaifuta ile amri kwenye kuwaka. Akazima, akawasha. Feni ikalia, vuuu, kama imefunguliwa jela. Picha ikawa maji. Nagusa kijiti na mzigo huo, papo hapo.

"Haya, shem. Cheza sasa."

Nikainua mzigo. Nikaupeleka. Nikaachia.

Ukasimama kabla ya kufika, ukayumba mbele, ukarudi nyuma.

Pwaa!

Nikajaribu tena. Pwaa! Tena. Pwaa!

Unaelewa kilichotokea? Wiki nzima mkono wangu ulikuwa umejifunza kuiwahi mashine nzito. Nilikuwa naachia mapema bila kujua. Sasa mashine imepona, mkono ndio mgonjwa.

"Irudishe," nikamwambia Chaji.

"Nirudishe nini?"

"Irudishe ilivyokuwa! Ifunge!"

"Shem, kesho utakalia mashine yao. Unajua yao ikoje?"

"Sijui!"

"Sasa nikufungie hii ili iweje?"

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Sikuwa na mkono wa mashine nzito, sikuwa na mkono wa mashine nyepesi. Au tuseme nilikuwa nao wote wawili, na sijui upi nivae kesho.

Nikatoka nje, nikasimama uani. Nikarudi. Nikatoka tena.

Mke wangu akaja mlangoni.

"Kule juu, ukipewa kreni usiyoijua, huwa unafanyaje?"

"Naionja."

"Unaionjaje?"

"Naigusa kidogo, naachia, naangalia inajibu vipi. Kila kreni ina tabia zake."

"Sasa hiyo ya kesho si ni kreni?"

Akarudi jikoni.

Asubuhi tukakusanywa kwenye chumba kipya. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mpole, kalamu juu ya sikio, hana maneno mengi. Akasema mtihani una muda, atakayemaliza mapema atapata alama zaidi.

Mkasi akaingia wa kwanza. Kakaa kwa madaha. Kainua mzigo, kaupeleka kwa mwendo wa bwana harusi, kaachia palepale alipozoea kuachia.

Mzigo ukaendelea kwenda. Kofia ya njano chini.

Nilisikia chumba kizima kikisema "Aah!"

Mkasi akageuka. "Hii mashine mbovu!"

Mkufunzi akaandika. Wa pili, hivyohivyo. Wa tatu akaponea kwa unywele.

Zamu yangu. Chini ya meza goti linaongea lugha zake. Nikashika kijiti, nikakigusa kidogo, nikaachia. Sikuinua kitu.

Mzigo ukachelewa kujibu. Siyo kama laptop yangu ilipokuwa mgonjwa, wala siyo kama ilipopona. Katikati.

Nikagusa tena. Nikaachia. Nikangoja.

"Muda unakwenda," mkufunzi akasema.

"Uende tu, mwalimu. Naionja."

Wenzangu wakacheka. Mimi nikaendelea kugusa na kuachia mpaka mkono ukaijua. Ndipo nikainua.

Nilimaliza wa mwisho kabisa. Muda wenyewe ulikuwa unakaribia kuisha. Lakini mzigo ulitua ndani ya mraba, na kofia ya njano ikabaki imesimama.

Mkasi hakukubali. "Mwalimu, kompyuta zenu nzito! Tumeonewa!"

Mama wa watu akachukua kalamu sikioni.

"Siyo nzito. Nimezichelewesha mimi, kwa makusudi."

Tukatazamana.

"Kamera ziko mbali. Picha mtakayoiona humu siku zote itakuwa imechelewa kidogo, na siku ya mvua itachelewa zaidi. Sikuwa nawapima kasi ya mikono. Nilitaka kumwona atakayeiuliza mashine kabla ya kuinua mzigo."

Nikapata kiti. Alama za muda nilipewa chache mno, lakini kiti nikapata.

Mkasi alipewa glavu. Hakunipigia simu kwa muda mrefu, na mimi sikujua nianzie wapi kumpigia.

Nimeandika haya kwa ajili ya wewe mwenye laptop inayokutesa. Kabla hujaitukana, kabla hujaenda kununua nyingine, tafuta mtu aangalie kwenye kiini cha mfumo ni nani aliyeiambia iende polepole, na kwa sababu gani. Huenda sababu ilikuwa nzuri, imepitwa tu na wakati. Na kabla hujajiita mzee, mzito, umekwisha, hakikisha kwanza kwamba mzito ni wewe.

Siku hizi nakaa chumbani, kwenye kiti cha kuzunguka, na bado situlii. Mkasi yuko chini ya kulabu yangu anafunga minyororo. Kila asubuhi nagusa kijiti, naachia, nangoja. Redio inanguruma:

"Vuta basi, mzee! Tunaota mizizi huku!"

Naigusa tena, nangoja.

Acha apige kelele. Anayepiga kelele yuko hai.