Sauti Iliyokwama Ofisini

Tangu utotoni kule Mtinko, Theodora aliogopa mshindo. Radi ikipasuka, mama yake alifunika kioo kwa kanga, naye alijibanza uvunguni hadi mvua ihamie mashamba ya jirani. Alipomaliza chuo cha kompyuta Dodoma, kazi iliyompata ilikuwa kwenye machimbo ya mawe nje ya mji wa Singida, mahali ambapo mwamba hulipuliwa kwa baruti. Ndugu zake walicheka mpaka machozi yakawatoka. Yeye alikwenda. Kila siku ya kulipua alikaa ofisini na vidole masikioni, akingoja ardhi itulie chini ya kiti.

Alikuwa karani, na pia ndiye mtu wa mtandao. Simu za ofisi zilikuwa za intaneti: moja mezani kwake, nyingine kwenye kibanda cha Frank, fundi baruti, upande wa pili wa mwamba. Kibanda kilikuwa na antena yake, kwa hiyo maneno yalilazimika kutoka nje ya ofisi, yazunguke huko yanakozunguka, ndipo yaingie kwa Frank.

Zamani Frank alitumia simu ya mkononi. Mzee Ezekieli, mwenyekiti wa kitongoji, akishahakikisha watu wameondoka mwambani, aliiarifu ofisi, na ofisi ikambipu Frank. Bipu moja tu: kweupe, lipua. Nani apoteze salio kwa neno moja? Baadaye simu za mkononi zikapigwa marufuku karibu na nyaya za baruti, zikaletwa hizi za intaneti, na bipu ikakatazwa. Kila jambo lisemwe kwa mdomo. Lakini mazoea hayafutiki kwa tangazo la ukutani.

Asubuhi ile Theodora alikuwa ameona kitu kilichomtia baridi. Wezi wa mtandaoni walikuwa wamejipenyeza kwenye mtambo wa simu na kupiga nchi za mbali. Akaingia kwenye ruta, kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti, na kuanza kufunga njia. Ruta ina ukuta wa ulinzi, na ukuta huo una vijilango vya namba ambavyo mafundi huviita poti. Mlio wa simu hupita kwenye poti moja. Sauti za watu hupita kwenye kundi la poti nyingine. Alifunga hiki, akafuta kile, mkono ukiongozwa na woga. Mwishowe, kwa simu ya mezani, akajipigia simu yake ya mkononi kujaribu. Ikaita. Akaridhika, akakata bila kuipokea, kama alivyozoea kubipu tangu shule.

Adhuhuri simu ya mezani ikalia. Alikuwa Mzee Ezekieli.

"Shikamoo, baba."

"Haloo?"

"Shikamoo, mzee wangu, nakusikia."

"Haloo! Binti Samweli, siku hizi hata shikamoo umeisahau? Au kompyuta imekula ulimi?" Mzee akakohoa. "Haya, kaa na kiburi chako, masikio najua unayo. Mwambie Frank asilipue. Stumai, yule mponda kokoto, karudi juu mwambani kufuata nyundo yake, na mtoto mgongoni. Namwita, hasikii. Ngoja nimfuate mwenyewe."

Simu ikakatika. Theodora hakufikiri. Akampigia Frank palepale.

"Haloo," Frank akapokea.

"Frank, usilipue! Stumai yuko juu!"

"Haloo? Theo?" Kisha kicheko. "Ahaa, umenibipu! Bosi akijua utakoma, dada. Haya, ujumbe umefika. Nawasha king'ora."

"Frank! Frank!"

Alikuwa ameshakata. Kutoka ng'ambo ya mwamba king'ora kikaanza kulia.

Theodora alijua kitu kimoja: king'ora kikinyamaza, Frank hubonyeza. Kukimbia kulimaanisha kuuzunguka mwamba wote, asingefika. Simu yake ya mkononi haikuweza kuita kibandani; namba ile ilipatikana kwa simu za ofisi tu. Kupiga tena akiwa bubu kungekuwa bipu juu ya bipu, kama kumwambia Frank afanye haraka. Alimwona Stumai akilini, ameinama kutafuta nyundo, na mzee akipanda nyuma yake kwa miguu yake mibovu.

Akakaa. Akaifungua ruta, akalitafuta kundi la poti za sauti zinazotoka, akalifungua. Akajipigia simu ya mkononi, safari hii akaipokea na kuibana sikioni.

"Haloo," alisema kwenye simu ya mezani.

Sikio halikupata kitu. King'ora kiliendelea kulia.

Ndipo akakumbuka. Simu za ndani zina anwani za nyumbani, ambazo huko nje hakuna azijuaye. Ruta huzivika anwani moja ya nje, ndipo dunia izipokee. Asubuhi, katika kufuta kwake, alikuwa amefuta na kanuni hiyo kwa upande wa sauti. Maneno yake yalikuwa yakitoka bila jina, yakifia njiani. Akaiandika kanuni upya. Akakosea namba. Akafuta jasho machoni, akaandika tena, akahifadhi, akajipigia.

Safari hii alisikia mtu akihema sikioni, pumzi fupifupi, kama mtoto aliye uvunguni. Ilikuwa pumzi yake mwenyewe.

Alipokuwa akibonyeza namba ya kibandani, king'ora kikanyamaza.

Simu ikaita. Ikaita tena.

"Nini tena, Theo? Kidole kiko hapa kwenye..."

"Usilipue! Stumai yuko juu na mtoto. Na Mzee Ezekieli."

Hakikusikika kitu. Theodora akadhani sauti imepotea tena, akafumba macho, akausubiri mshindo. Kisha kitu kikaanguka sakafuni huko kibandani.

"Nimechomoa waya," Frank alisema. "Nimechomoa, dada. Zote nimechomoa. Usikate simu."

"Sikati."

Wakabaki hivyo, kila mmoja akisikiliza mwenzake akihema, mpaka Mzee Ezekieli akasimama mlangoni pa ofisi amejaa vumbi. Nyuma yake alikuwa Stumai, nyundo mkononi, mtoto kalala fofofo mgongoni.

"Shikamoo, baba," Theodora alisema.

"Ala! Sasa ndiyo umeikumbuka?"

Alitaka kumweleza habari za poti na anwani. Machozi yakatangulia. Mzee akamtazama, akautazama mkonga wa simu alioukumbatia kifuani, hasira ikamtoka.

"Marahaba, mwanangu," akasema taratibu. "Marahaba."

Kwenye simu, Frank alikuwa bado hajakata.