Inchi Nne za Chokaa

Mwaka wa 1952 vita vya Korea vilikwisha kuwachukua vijana wenye mabega, na Chuo cha Tilden, kule kwenye mashamba ya mahindi ya Iowa, kikabaki na wachezaji kumi na tisa, wawili kati yao wavaa miwani. Walicheza michezo saba, wakapigwa yote saba. Katika mpira wa kule, ule wa umbo la yai unaokumbatiwa kifuani na kukimbizwa, timu inaweza kulala arobaini na moja kwa sifuri na bado ikarudi uwanjani Jumamosi inayofuata. Nao walirudi.

Emmett Rausch hakuwahi kuucheza mpira huo. Alikuwa mtunza uwanja. Kwa miaka ishirini na saba, kila Jumamosi ya msimu, aliamka kabla ya ng'ombe wa jirani, akasukuma kitoroli cha chokaa na kuchora mstari kila baada ya yadi tano. Wageni waliisifu mistari yake, kisha wakaivuka kwenda kufunga.

Kinyozi wake, Clete Dvorak, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Emmett, chokaa unaimwaga bure. Chora nusu ya uwanja tu. Ile nusu nyingine vijana wako hawajawahi kuiona."

"Nyoa, Clete."

"Si nanyoa? Tatizo kichwa chenyewe kimekuwa kama timu yako: mbele hakuna kitu, na nyuma hakuna msaada."

Waliokuwa wakingoja zamu wakacheka, na Emmett akacheka nao, maana yeye na Clete ndio walioshika mnyororo siku za mchezo. Timu hupewa nafasi nne za kuusogeza mpira yadi kumi; ikishindwa, inauacha kwa wapinzani. Panapokuwa na ubishi, huletwa mnyororo wa yadi kumi wenye fimbo kila mwisho, na kuushika ni kazi ya wenyeji. Tarishi wa mji alishika fimbo ya nyuma, Clete ya mbele. Emmett alishika kitambaa kilichofungwa kwenye pingili iliyolala juu ya mstari wa karibu, ukingo wa mbele. Mnyororo ukitolewa pembeni na kupelekwa katikati ya uwanja, kitambaa kinawekwa juu ya mstari uleule, ukingo uleule, ili fimbo zikae usawa uleule. Wageni hawakuwahi kumsimamia. Mzee Rausch akiweka, ameweka.

Katikati ya Oktoba wadhamini wa chuo waliandika barua. Timu ikishinda hata mchezo mmoja, mpira utabaki. Isiposhinda, pale uwanjani patajengwa bweni. Kocha Burl Hathorn alimfuata Emmett kwenye banda la vifaa ili asiisikie mitaani.

"Mzee, na nyasi zako zimo humu."

Emmett aliiomba barua, akaisoma mwenyewe mara mbili. Hakuwa na mtoto, wala hakuwa na kipande kingine cha ardhi ambacho watu walikijua kwa jina lake.

Mchezo wa nane, wa mwisho, walicheza na Marlow, timu dhaifu karibu kama wao. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Zilipobaki dakika mbili, Tilden walikuwa nyuma kumi kwa kumi na nne, yadi kumi na mbili kutoka langoni, nafasi ya nne. Harlan Koop, mtoto wa fundi viatu, alijitupa na mpira katikati ya rundo la watu. Walipochambuliwa mmoja mmoja, mwamuzi akaashiria mnyororo uletwe.

Emmett alipiga magoti kwenye tope. Aliutupia jicho mpira, akajua. Jicho lililopima uwanja ule miaka ishirini na saba halikuhitaji mnyororo: ulipungua inchi mbili.

Mstari wake ulikuwa na upana wa inchi nne. Akakiweka kitambaa kwenye ukingo wa nyuma, na fimbo zikarudi nyuma nacho.

Mwamuzi aliinama, akaiona ncha ya mpira imeipita fimbo kwa vidole viwili, akanyoosha mkono mbele. Tilden waendelee. Watu mia tatu walipiga kelele kama elfu tatu.

Nafasi iliyofuata, Harlan alipokea mpira, akageuka, ukamponyoka kama sabuni. Marlow wakaulalia. Hawakuuachia tena mpaka filimbi ya mwisho.

Clete alikuja akiukunja mnyororo mkononi.

"Nimeuhisi ukirudi nyuma."

"Nini?"

"Usinifanye mjinga, Emmett. Fimbo nilikuwa nayo mimi."

"Mbona hukusema?"

"Kwani mimi sikutaka washinde?" Clete alitema mate. "Sasa wizi tumefanya, na mikononi hatuna kitu. Nenda ukamwambie Burl. Usiponiona mimi nikienda, ujue nakungoja wewe."

Emmett akaenda. Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka jasho na soksi zilizolowa. Kocha alikuwa amesimama mbele ya vijana wake, kofia mkononi.

"Sina cha kuwapa," alikuwa akisema. "Ushindi hatuna, na mwakani timu hatuna. Lakini Jumatatu nitawaambia wadhamini neno moja: hawa kumi na tisa wamepigwa michezo minane na hawakuiba hata inchi. Hata moja."

Harlan aliteremsha taulo aliyojifunika usoni. "Kweli hiyo, kocha?"

"Muulize Mzee Rausch, yule pale mlangoni. Si ndiye anayepima?"

Vichwa kumi na tisa vikamgeukia.

"Kweli," alisema Emmett.

Jumatatu wadhamini walikaa dakika kumi na mbili. Kocha alilisema neno lake. Mmoja wao alilisifu sana, kisha wakapiga kura. Alhamisi Emmett alipewa shoka na wanaume wawili wa kumsaidia kung'oa nguzo za lango.